Lita Tatu za Baba

Daktari wa figo aliisoma karatasi ya maabara mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna mzaha umeandikwa huko, kisha akaiweka mezani na kuifunika kwa kiganja. Akamuuliza Baba, kwa upole wa mtu aliyekwisha kujua jibu, kama mkojo wa saa ishirini na nne uliokuwa kwenye dumu ulikuwa wake wote.

Baba alisema ni wake.

Daktari akasema basi ni jambo la ajabu, kwa sababu dumu limeletwa na lita tatu kamili, na ndani ya lita hizo tatu kuna taka za mwili zinazomtosha mtoto wa chekechea. Mwanaume wa kilo themanini na tano hutoa kiasi chake cha taka kwa siku, anywe maji asinywe. Kwa hiyo ama sehemu ya mkojo ilimwagwa, ama maji yaliongezwa, ama vyote viwili. Hakusema ni nani aliyefanya hivyo. Hakuwa na haja. Mama aligeuka kunitazama. Shangazi akageuka kunitazama. Muuguzi aliyekuwa akipanga mafaili pembeni, ambaye hatujawahi kuonana naye maishani, naye akageuka kunitazama, nadhani kwa kufuata wengi.

Baba peke yake alikuwa akiitazama picha ya figo iliyobandikwa ukutani, kwa umakini wa mtu anayetaka kuinunua.

Inanibidi kueleza kwa nini macho yote yalijua njia ya kuja kwangu. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesimamishwa masomo kwa kosa ambalo barua ya mkuu wa shule iliita "uchezeaji wa chakula cha viongozi". Shuleni kwetu viranja wana meza yao na sufuria yao, na maharage yao huwa na vitunguu, wakati yetu huwa na maji. Nilisaga bitiruti nne kutoka bustani ya shule nikazitia kwenye sufuria hiyo. Bitiruti haina madhara, ila kwa baadhi ya watu hupita mwilini bila kupoteza rangi. Asubuhi iliyofuata kiranja mkuu na kiranja wa usafi walikutwa zahanati wameshikana mikono wakisali, na kiranja wa chakula alikuwa ameshagawa viatu vyake.

Kwa hiyo nilikuwa mtu mwenye rekodi, na rekodi yenyewe ilikuwa kwenye fani ya mkojo.

Ili nirudi bwenini Jumatatu nilitakiwa kupeleka fomu iliyotiwa saini na mzazi, ikithibitisha kwamba nimekaa nyumbani wiki tatu kwa mwenendo mwema. Siku ile ilikuwa Jumanne. Tulipotoka kwa daktari, hata lango la hospitali hatujalivuka, Mama alitangaza kwamba saini yake haitagusa fomu ile mpaka ajue nani alijaza dumu. Kama hatajua, nitahamia shule ya kutwa iliyo nyuma ya nyumba yetu, na Shangazi atanisindikiza kila asubuhi akiwa amenishika mkono.

Nacheka na mengi, lakini hilo halikunichekesha. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi minne. Marafiki zangu wote walikuwa kule, na kule ndiko mwalimu wa kemia alikokuwa ameniambia, mbele ya mashahidi, kwamba nina kichwa kizuri kilichokaa kwenye mabega mabaya. Na nilikuwa sijagusa dumu la mtu. Kwa mara ya kwanza tangu nijue kutembea nilikuwa sina hatia, na sikuwa na mazoezi.

Mama yangu ni mkaguzi wa tiketi kwenye treni, mwaka wa kumi na tisa huu. Amezoea kumtazama mtu mpaka mtu atoe tiketi ambayo hana. Nyumbani hakuvui macho hayo. Baba ni mwendesha kreni, ile mirefu ya kujengea maghorofa, na hushinda kwenye kibanda cha vioo juu kabisa, mahali ambapo hata ndege huonekana kwa mgongo. Miezi minne iliyopita alikuwa ameshikwa na maumivu ubavuni, akiwa nyumbani kwa bahati, akalala sakafuni bafuni akilisukuma beseni kwa miguu. Jiwe lilipotoka lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Mama aliliangalia kwenye karatasi na kuuliza kama ni hilo tu, na Baba hakuzungumza naye siku mbili.

Maabara ilisema jiwe ni la kalsiamu na oksaleti, na daktari akaandika maagizo. Anywe maji mengi, mpaka mkojo uwe na rangi ya maji yaliyopitiwa na limau tu. Apunguze chumvi, kwa sababu chumvi ikitoka kwenye figo huiburuta kalsiamu itoke nayo. Nyama kwa kiasi. Maziwa asiache. Ndimu na machungwa yanamfaa. Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye friji, na kila mtu akaiheshimu kwa kutoisoma.

Kisha akaja Shangazi, dada mkubwa wa Baba, kumuuguza mdogo wake mwenye umri wa miaka hamsini na moja. Shangazi aliisoma karatasi mpaka alipofika neno kalsiamu, akaona inatosha. Jiwe lina kalsiamu, maziwa yana kalsiamu, hesabu imekwisha. Maziwa yakafukuzwa nyumbani. Badala yake Baba akapewa glasi mbili za juisi kila siku, moja asubuhi na moja jioni, ya spinachi na bitiruti, ya kusafisha damu. Nyama nayo ikaondoka, zikaja karanga za kukaanga zenye chumvi, mfuko mzima wa kwenda nao kazini. Baba alikunywa na kutafuna bila kulalamika. Mbele ya dada yake huwa anarudi kuwa na miaka saba.

Siku ile ya Jumanne daktari aliuliza Baba anakula nini, na Shangazi akajibu kwa niaba yake, kwa fahari, kama anasoma taarifa ya habari. Alipofika kwenye juisi daktari aliweka kalamu chini. Alipofika kwenye karanga alivua miwani.

"Mama," alimwambia Shangazi, "oksaleti ya kwenye mboga hizo na kalsiamu ya kwenye maziwa zikikutana tumboni hushikana, zikatoka kwa njia ya choo, salama kabisa. Wewe umeondoa maziwa. Sasa oksaleti haina wa kushikana naye tumboni, inapita mpaka kwenye figo, inamkuta kalsiamu huko. Wanafunga ndoa mahali pasipofaa."

Akaonyesha picha aliyopigwa Baba. Kwenye figo ya kushoto kulikuwa na vijiwe viwili vipya, milimita tatu kila kimoja. Shangazi alivitazama kama mtu aliyeletewa wajukuu asiowatambua. Daktari hakumlaumu zaidi. Alisema spinachi si sumu, ila si kwa glasi kwa mtu huyu, na kwamba hawezi kupanga lolote la maana mpaka apate mkojo wa kweli wa saa ishirini na nne. Tulipewa dumu jipya.

Basi, nikarudi nyumbani nikiwa mtuhumiwa, nikafanya ambacho mtuhumiwa yeyote mwenye elimu ya bweni angefanya. Nikatafuta mtuhumiwa mwingine.

Wa kwanza alikuwa Shangazi. Alikuwa na sababu: juisi yake ilikuwa mahakamani, na mkojo mwingi ungeiokoa. Alikuwa na nafasi: hushinda nyumbani peke yake. Na alikuwa na uso wa mtu anayeficha jambo, ingawa baadaye niligundua ni uso wake wa kawaida. Jumanne ile alasiri nilimfuata jikoni, nikamfuata uani, nikamfuata kwenye kamba ya nguo. Nilipogeuka kwenda chumbani nikakuta yeye ndiye ananifuata. Tulizunguka nyumba hivyo karibu saa nzima, kila mmoja akijifanya anatafuta ufagio, na ufagio alikuwa nao yeye mkononi.

Hatimaye tukakaa. Aliniambia kwa heshima zote kwamba ananijua tangu nikiwa na meno mawili, na kwamba hata hayo mawili nilikuwa nang'atia watu. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mtu aliyetia spinachi kwenye figo ya mdogo wake asinyooshe kidole. Aliulaza ufagio sakafuni. Niliona nimemuumiza, nikajuta, lakini sikusema. Kisha akaniambia jambo ambalo hakujua kwamba lina uzito.

Siku ya dumu, alisema, aliingia bafuni kufagia saa nane mchana. Alilisogeza dumu kwa mguu. Lilikuwa jepesi, halina hata kikombe.

"Una hakika, Shangazi?"

"Mimi nimefua nguo za watu kumi na mmoja kwa miaka thelathini. Chombo chenye maji na chombo kisicho na maji navijua kwa kidole gumba cha mguu."

Nikaenda kukaa na jambo hilo. Utaratibu wa dumu ni huu: asubuhi mkojo wa kwanza unamwagwa, kisha kila tone linalofuata linaingia dumuni mpaka asubuhi ya pili, hilo la mwisho likiwemo. Baba hakuomba ruhusa kazini siku hiyo. Alikwenda kama kawaida, akaliacha dumu nyumbani kwenye sakafu ya bafuni, na hakuna aliyeuliza mkojo wa mchana utafikaje huko. Alirudi saa kumi na moja na nusu. Kwa hiyo kati ya hapo na asubuhi alitoa karibu lita tatu, jambo ambalo hata farasi angeliombea msaada.

Kulikuwa na jambo lingine. Kila asubuhi Mama humfungia Baba chupa mbili za maji, za lita moja na nusu kila moja, na kila jioni chupa hurudi tupu. Mama huzihesabu na kuzikagua kwa kuziinua juu ya taa. Lita tatu ziliingia kwa Baba, na lita tatu zikatoka kwa Baba. Hesabu nzuri sana. Nzuri mno. Mtu anashinda kwenye kibanda cha vioo, juani, saa kumi nzima, na hatoi jasho hata tone? Nilikwenda kwenye kapu la nguo chafu nikachukua shati lake la kazi. Kola na makwapa vilikuwa na mistari myeupe ya chumvi, kama ramani.

Nilikaa na shati lile mapajani kwa muda. Sikupenda nilichokuwa nakiwaza. Kumshuku Shangazi kulikuwa na raha yake. Hii haikuwa na raha.

Nikakumbuka pia kwamba katika shauri zima Baba hakusema ni mimi. Wala hakusema si mimi.

Jumatano nilikwenda anakofanya kazi, nikiwa na kofia yake ya zamani kama kisingizio. Kulikuwa na jengo lililofika ghorofa ya kumi na nne, nondo zikiwa zimesimama juu yake kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na kreni mbili, ya Baba na ya jirani yake. Langoni nilimkuta mpiga ishara wa Baba, yule anayesimama chini na redio akimwelekeza ashushe wapi. Wenzake humwita Parapanda, kwa sababu hana haja ya redio. Alinikalisha kwenye tofali, akanipa kofia ngumu, na bila kuulizwa akaanza kumsifu baba yangu.

Mtu wa chuma, alisema. Yule mwenzake wa kreni ya pili anashuka kila mara, leo tumbo, kesho simu, na kila akishuka kazi inalala. Baba yako akipanda saa moja hashuki mpaka saa saba, akipanda tena hashuki mpaka saa kumi na moja. Meneja humtolea mfano kwenye mikutano. Na ni msafi. Hebu angalia vioo vya kibanda chake na vya yule mwingine.

Niliangalia. Kibanda cha kreni ya pili kilikuwa na vumbi kiasi kwamba mtu wa ndani alionekana kama kivuli. Cha Baba kiling'aa kama jino.

"Anavisafisha lini?" niliuliza.

"Kila siku saa tano. Subiri uone. Sisi huku chini tunaiita mvua ya mzee."

Saa tano ilifika. Dirisha dogo la kibanda lilifunguka, mkono ukatoka na kitambaa, kisha mkono mwingine ukatoka na chupa. Chupa naijua. Ina kifuniko cha kijani ambacho Mama alikifunga uzi mwekundu ili isibadilishwe na ya mtu mwingine. Maji yalimiminika kwenye kioo, kitambaa kikapita, na sekunde chache baadaye matone yakagonga kofia ngumu ya Parapanda, naye akatabasamu kama mtu aliyebarikiwa. Mkono ulirudi ndani ukatoka na chupa ya pili.

Baba alishuka saa saba. Nilihesabu: dakika kumi na moja kwenye ngazi, akiwa na miguu ya mtu anayejua kila kipago. Aliponiona alisimama kwenye kipago cha mwisho, kana kwamba anafikiria kurudi juu.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimeleta kofia."

"Kofia ninayo kichwani."

"Hii ni ya akiba."

Aliipokea. Kwanza alikwenda chooni, kwa mwendo wa haraka kuliko nilivyowahi kumwona, kisha tukakaa nyuma ya rundo la mabomba, mahali ambapo Parapanda asingetusikia, ingawa sisi tuliendelea kumsikia yeye. Baba alifungua mfuko wa karanga, akaukumbuka uso wa daktari, akaufunga. Nikamwambia kwamba vioo vyake ni visafi sana. Akasema usafi ni jambo zuri. Nikamwambia kwamba nimeona vinasafishwa na nini.

Akaanza kueleza, akiwa anaitazama kofia. Kushuka ni dakika kumi na moja, kupanda ni kumi na nne. Ukishuka, zege linasubiri, watu ishirini wanasubiri, meneja anatazama saa. Wengine hubeba chupa tupu na kujisaidia humo humo kibandani.

"Kile kibanda ni kioo mbele, kioo nyuma, kioo chini ya miguu," alisema. "Mji mzima unaniona. Mtu mzima kama mimi nifungue suruali mbele ya mji mzima?"

Kwa hiyo alikuwa hanywi. Kuanzia asubuhi mpaka jioni alikuwa akilowesha midomo tu, na kama angerudi na maji Mama angeuliza, na Mama akiuliza lazima ujibu. Vioo vikayanywa kwa niaba yake. Siku ya dumu, jioni, aliona kilichokuwa ndani yake, kidogo, chenye rangi ya chai iliyosahaulika kwenye jiko, akaona aibu. Alitaka kuongeza maji kidogo tu, yafanane na mtu anayefuata maagizo. Bomba likaenda kasi.

"Ukaniacha nibebe mimi," nikasema.

"Hakuna aliyeniuliza."

"Daktari alikuuliza."

"Aliuliza kama ni wangu." Alijikuna kidevu. "Na wewe ulikuwa na rekodi. Nilisema moyoni, huyu ana makosa mengi, moja zaidi halitaonekana. Halafu mama yako akaleta habari ya fomu, na mimi nikawa nimeshanyamaza. Kunyamaza ukishaanza ni kama kupanda ile ngazi, katikati huwezi kugeuka."

Aliniambia anachoogopa hasa. Daktari akijua, ataandika kwamba mtu huyu ashuke kila baada ya saa mbili, na meneja akiisoma hiyo atamweka chini kupiga ishara, na Parapanda atapelekwa sijui wapi. Miaka ishirini na mbili amekuwa juu. Huko chini, alisema, hajui hata mtu asimame vipi.

Ningeweza kumwambia kwamba maumivu yakimshika huko juu na tani mbili za nondo zikining'inia, kupiga ishara ndiyo itakuwa kazi ya bahati. Nilimwambia. Nikamwambia pia kwamba sitamsema kwa Mama. Alishtuka. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vitisho, na ni kweli nilikuwa nimeviandaa, viko vitatu, kimoja kizuri sana.

"Kesho panda na dumu," nilisema. "Tafuta kipande cha pazia, utafunika vioo vya chini mpaka kiunoni, kazi utaendelea kuiona. Usinywe zaidi ya unavyokunywa siku zote. Daktari auone mkojo wa kweli, hata kama ni kikombe. Halafu utasema mwenyewe, au hutasema."

"Na nisiposema?"

"Jumatatu nitaingia shule ya kutwa na Shangazi amenishika mkono."

Alinyanyuka, akavaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, akarudi kwenye ngazi. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Alhamisi asubuhi Shangazi alipiga kelele kutoka bafuni: dumu limeibwa. Mama, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, aliniamsha kwa kuvuta shuka. Chumba changu kilipekuliwa kuanzia godoro mpaka soksi. Waliulizana nimeliuza wapi. Shangazi alisema labda nimelipeleka shuleni kwa viranja. Tena pazia la bafuni lilikuwa limekatwa nusu, mkasi ukiwa bado kwenye sinki, nalo nikaandikiwa. Nilikuwa najua dumu liko wapi na pazia liko wapi, na sikufungua mdomo. Ilikuwa saa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa mbele ya mama yangu, na nilichoona kigumu si kwamba hawaniamini. Kigumu kilikuwa kwamba hata mimi sikuwa na uhakika na Baba. Huenda alikuwa amelitupa.

Baba alirudi jioni na mfuko mweusi, akapita sebuleni bila kuvua viatu, akaingia bafuni, akafunga mlango. Mama alitazama mlango, akanitazama mimi, akatazama mlango. Hakukagua chupa siku hiyo. Nadhani alisahau.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, saa ishirini na nne zilipotimia, Baba alituita sote bafuni. Tulisimama wanne kwenye chumba cha mtu mmoja, Shangazi akiwa ndani ya beseni. Dumu lilikuwa kwenye kiti. Lina mistari ya vipimo ubavuni, na mkojo, wenye rangi ya kahawia, ulikuwa umefika kwenye mililita mia tisa. Daktari alikuwa ametaka lita mbili na nusu.

"Huu ndio wangu wote," Baba alisema.

Mama aliinama akasoma kipimo, akakisoma tena, akainuka polepole. Akauliza, kama hii ndiyo siku nzima ya mtu yule yule, zile lita tatu zilitoka wapi.

Baba alitazama bomba. Nilitazama vigae. Niliwahesabu wadudu wawili wakitembea kwenye ukingo wa dirisha na nikaanza kuwapa majina.

"Zilitoka hapo," alisema, akaonyesha bomba kwa kidevu. "Nilizitia mimi. Mtoto hakujua. Na maji ya chupa nasafishia vioo. Hiyo saini mpe, au nitampa mimi."

Hakuna aliyesogea, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kusogea. Shangazi alitoka kwenye beseni, akauliza kwa sauti ndogo kama juisi nayo inahusika. Baba akamwambia inahusika, dada, lakini si peke yake. Shangazi akaenda jikoni. Tulisikia friji ikifunguliwa, kisha blenda ikitolewa kwenye soketi.

Mama hakumtazama Baba. Alinitazama mimi, kwa macho yale ya treni, kwa muda ambao abiria wengi wangekuwa wameshuka.

"Umemfanya nini baba yako?" aliuliza.

"Sijamfanya kitu."

"Huyu mtu sijawahi kumsikia akikiri jambo katika miaka ishirini na tatu. Hata jiwe alikana kwamba linamuuma. Una nini chake?"

Baba aliapa kwamba sina kitu. Hiyo ilizidisha mambo, kwa sababu kwa Mama anayeapa ndiye anayetishwa. Aliniuliza tena wakati wa chai, na tena nilipokuwa nafua. Alimuuliza Shangazi, ambaye alisema haamini mtu yeyote nyumba hii, akianza na yeye mwenyewe, na akamtilia Baba maziwa kwenye uji huku akimimina kama mtu anayetia saini mkataba.

Daktari alilipokea dumu mchana huo na kusema kwamba huu ndio mkojo alioutarajia: kidogo, mzito, chumvi nyingi, oksaleti nyingi, na kiasi kidogo mno cha ile tindikali ya ndimu inayozuia mawe yasishikane. Aliandika barua. Ilisema Baba ashuke mara mbili asubuhi na mara mbili alasiri, na anywe maji kila saa, na kwamba mtu anayekunywa hivyo ni salama zaidi juu ya kreni kuliko asiyekunywa. Sentensi hiyo ya mwisho Baba alimwomba aipige mstari chini. Meneja aliisoma Jumamosi, akamwita Baba pembeni. Hakumshusha. Alisema tu atajaribu mwezi mmoja aone kazi inakwendaje, na kwamba vile vioo vya chini viwekewe karatasi nyeusi, pazia lile lina maua na linawachekesha mafundi.

Kwa hiyo Baba yuko juu bado, kwa mwezi mmoja. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye.

Jumapili jioni Mama alitia saini fomu. Alisoma kila mstari kwanza, na pale palipoandikwa "mwenendo mwema" alisimama kwa muda, kalamu hewani, kama anasubiri mtu akiri. Hakukiri mtu. Akatia saini.

Jumatatu alfajiri, kabla sijapanda basi la shule, alilifungua begi langu akatoa kila kitu, akakirudisha, akakitoa tena. Alinusa chupa ya shampuu. Alifungua daftari la kemia ukurasa kwa ukurasa. Hakukuta kitu chochote, na nilimwona usoni kwamba hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.